Skeli, Kizidisho na Kupimanisha: Istilahi za Kubadili Ukubwa wa Mchoro katika Kompyuta

Miongoni mwa mambo yanayompa taabu mfasiri wa istilahi za ufundi ni neno moja la kigeni linalobeba maana nyingi. Neno la Kiingereza lililotupatia skeli ni mfano wa jambo hilo. Waingereza hulitumia kwa chombo cha kupimia uzito, kwa vigamba vya samaki, kwa mpango wa mishahara, na kwa uwiano wa ramani na ardhi. Kiswahili hakikuukubali mchanganyiko huo. Chombo cha uzito ni mizani, samaki ana magamba, mishahara ina ngazi, nayo skeli ikabakia mikononi mwa wachora ramani. Hata hivyo, tangu uchoraji wa majengo na mitambo ulipohamia katika kompyuta, skeli imebebeshwa mizigo isiyo yake. Makala haya yanakusudia kuieleza kazi yenyewe, kisha kupendekeza namna ya kuitenga mizigo hiyo.

Tuanze na karatasi. Msanifu majengo hawezi kuchora ukuta wa mita 12 kwa ukubwa wake halisi. Akitumia skeli ya 1:100, ukuta huo utakuwa na sentimita 12 katika karatasi. Akitumia 1:50, utakuwa na sentimita 24. Hali kadhalika, katika ramani ya nchi ya skeli ya 1:50,000, sentimita moja ni sawa na nusu kilomita. Hapa maana ya skeli ni bayana: ni uwiano kati ya urefu katika karatasi na urefu wa kitu chenyewe.

Kompyuta imeugeuza utaratibu huo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, huko Marekani, aliionyesha programu yake ya Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo. AutoCAD, inayotumiwa na wasanifu wengi hadi leo, ilitolewa mwaka 1982. Katika programu za aina hii desturi ni kukichora kitu kwa kipimo chake halisi. Ukuta wa milimita 6,000 huandikwa 6,000, wala mchoraji hagawanyi kwa 50 wala kwa 100. Skeli huingia mwishoni tu, wakati wa kuchapa katika karatasi.

Kwa hiyo mchoraji ana vitendo vitatu tofauti. Kwanza, anaweza kuukuza mwonekano, yaani kulisogeza jicho karibu na mchoro; vipimo havibadiliki hata kidogo. Pili, anaweza kuchagua skeli ya kuchapia. Hapo karatasi ndiyo inayobadilika. Tatu, anaweza kuubadili ukubwa wa mchoro wenyewe. Hapo kila urefu uliomo unazidishwa kwa namba moja. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "badili skeli," mwanafunzi anaweza kufanya lolote kati ya hayo matatu. La kwanza halina madhara. La pili likikosewa, karatasi hupotea. La tatu likikosewa, nyumba hujengwa kwa vipimo visivyo vyake.

Hebu tukitazame kitendo hiki cha tatu. Tuseme ramani ya nyumba imeingizwa katika kompyuta kutoka katika karatasi, na kipimo chake hakijulikani. Mchoraji anapima ukuta mmoja katika kioo, anapata vizio 187.5. Anajua kwamba ukuta huo, kwa hakika, una milimita 6,000. Anagawanya kipimo kinachotakiwa kwa kipimo kilichopo: 6,000 kwa 187.5 ni 32. Kisha anaiita amri ya kubadili ukubwa, anachagua vitu vyote vya mchoro, anataja nukta ya msingi, ambayo ndiyo nukta pekee isiyosogea, na kuandika 32. Ukuta sasa una milimita 6,000, na vyumba vyote vimefuata.

AutoCAD ina njia nyingine, isiyohitaji hesabu. Baada ya kutaja nukta ya msingi, mchoraji huomba kutumia kipimo cha rejea. Hugusa ncha mbili za ukuta anaoujua, kisha huandika urefu unaotakiwa, 6,000. Programu hujigawia yenyewe. Njia hii ni bora zaidi pale kipimo kilichopo kina desimali nyingi, kwani mtu akikata desimali hizo kosa huenea katika mchoro mzima.

Kazi haijakwisha hapo. Ni lazima kupima kitu cha pili, na kiwe kimelala upande mwingine. Ikiwa dirisha linalojulikana kuwa na milimita 1,500 halitoi 1,500, basi huenda karatasi ilivutika upande mmoja katika mashine, na hakuna namba moja itakayoiponya. Aidha, maandishi ya vipimo yaliyochapwa kwa mkono hayabadiliki pamoja na mistari. Yanaweza kuendelea kudai urefu ambao mchoro hauna tena.

Michoro ya zamani ina hatari yake. Mchoro uliochorwa kwa robo inchi kwa kila futi una skeli ya 1:48. Fundi akiupima kwa rula ya 1:50, ukuta wa mita 12 atausoma kuwa mita 12.5. Nusu mita ni tofauti inayoweza kuleta ugomvi wa mpaka baina ya majirani. Vivyo hivyo, mchoro wa inchi ukifunguliwa kana kwamba ni wa milimita, sharti uzidishwe kwa 25.4. Tena msomaji asisahau kwamba urefu ukizidishwa kwa 2, eneo huzidishwa kwa 4 na ujazo kwa 8. Anayetaka chumba chenye umbo lilelile lakini eneo maradufu, azidishe urefu kwa 1.414 hivi.

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Skeli: uwiano wa urefu katika karatasi na urefu wa kitu, isitumike kwa maana nyingine.

Rula ya skeli: chombo cha kusomea urefu halisi kutoka katika karatasi.

Kukuza mwonekano: kuutazama mchoro kwa karibu bila kuvigusa vipimo vyake.

Kizidisho cha ukubwa: namba inayozidisha kila urefu wa mchoro, ikizidi 1 mchoro hukua, ikipungua 1 mchoro hupungua.

Kipimo cha rejea: urefu unaojulikana kwa hakika, unaotumiwa kuurekebishia mchoro mzima.

Kupimanisha: kuubadili ukubwa wa mchoro ili kipimo chake kilingane na kipimo cha rejea.

Hili la mwisho ndilo jipya, nalo linahitaji kutetewa. Limenyambuliwa kutokana na pima kwa njia ileile ambayo patana hutoa patanisha. Wapo watakaosema kwamba kukuza na kupunguza yanatosha. Lakini maneno hayo hutaja mwelekeo tu. Hayasemi kwamba kuna kipimo cha kufikiwa. Aliyeambiwa "kuza" ataweza kuuliza "kiasi gani?" Aliyeambiwa "pimanisha" ataulizia kipimo cha rejea, na hilo ndilo swali linaloiokoa nyumba.

Walimu wa vyuo vya ufundi na wachoraji wenyewe ndio watakaoamua kama maneno haya yataishi. Wenye maneno bora zaidi wayalete, ili yajadiliwe kabla skeli haijazidiwa na mzigo.