Kiwiko Kwanza, Mguu Bandia Baadaye

Shuleni kwetu mifupa na misuli hufundishwa muhula mmoja, nyenzo hufundishwa muhula mwingine, na uwiano ni kazi ya mwalimu wa hisabati. Mambo hayo matatu hukutana katika kiwiko cha kila mtoto aliyeketi darasani, lakini ratiba haiwakutanishi walimu wake. Sisi tunaotengeneza viungo bandia hatuwezi kuyatenganisha. Akiingia karakanani mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, hatuna budi kujua mfupa umeishia wapi na uzito wake utapitia wapi. Tunamuuliza pia kama anaishi mchangani au mlimani, kama husali akiwa ameketi chini, anafanya kazi gani, na nauli ya kurudi kwa marekebisho ataipata wapi. Anatomia, fizikia, jiografia, dini na uchumi vinaingia mlangoni na mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo naliona somo la mguu bandia kuwa mali kwa walimu wanaotekeleza mtaala wa umahiri nchini Tanzania, au Mtaala wa Umilisi kwa wenzetu wa Kenya. Njia inayolifaa ni vituo vya kujifunzia: meza tano au sita zenye kazi tofauti, na makundi ya wanafunzi yanayohama kutoka moja hadi nyingine. Walimu wengi wanaifahamu njia hii, ila mara nyingi meza hizo hazihusiani. Kundi linachora mifupa hapa, linakata karatasi pale, kengele inalia, basi. Ushauri wangu ni kwamba kila meza itoe kitu ambacho meza inayofuata haiwezi kufanya kazi bila hicho, iwe ni namba, mchoro au kifaa. Kundi lililopima vibaya mwanzoni litagundua kosa lake meza ya tatu, na litalazimika kurudi kupima upya. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo karakanani.

Meza ya kwanza isiwe na mguu bandia hata kidogo. Iwe ya kiwiko. Mwanafunzi akunje mkono, ashike msuli wa bisepsi kwa mkono mwingine, kisha afuate kano yake kwa kidole mpaka inapozama kwenye kigasha. Atashangaa kuikuta karibu sana na kiwiko, sentimita nne au tano tu, ilhali kiganja kinachobeba mzigo kiko mbali, kama sentimita 35 kwa mtu mzima. Hii ni nyenzo ya daraja la tatu: egemeo ni kiwiko, jitihada iko katikati, na mzigo uko mwishoni.

Sasa waijenge. Kipande cha ubao cha sentimita 40 kifungwe kwa msumari kwenye nguzo ya mbao ili kiweze kupanda na kushuka. Chupa ya maji ya nusu lita ining'inizwe sentimita 35 kutoka kwenye msumari. Uzi ufungwe sentimita 5 kutoka kwenye msumari huohuo, upande juu, upite kwenye kapi, na upande wa pili zitundikwe chupa nyingine za aina ileile mpaka ubao utulie mlalo. Tukiuacha pembeni uzito wa ubao wenyewe, zitahitajika chupa saba kushikilia chupa moja. Uzi ukihamishiwa sentimita 10, chupa tatu na nusu zinatosha.

Hapo mwalimu asikimbilie kueleza. Aulize: kwa nini mwili ukachagua mpango wa gharama namna hii? Jibu lipo palepale mezani. Vuta uzi sentimita moja ukiwa umefungwa karibu na msumari, na chupa itapanda sentimita saba. Msuli hauwezi kujikunja sana, kwa hiyo mwili umetoa nguvu ili upate kasi na mwendo mrefu. Giovanni Borelli, mwanahisabati wa Italia, alizifanyia hesabu nyenzo za mwili namna hiyo katika kitabu chake kuhusu mwendo wa wanyama, kilichotoka miaka ya 1680 na 1681 baada ya kifo chake. Kabla ya hapo wengi waliamini misuli hubeba mizigo mikubwa kwa kani ndogo. Yeye alionyesha kwamba mambo ni kinyume.

Uzi huohuo unatufikisha kwenye mkono bandia. Mikono mingi inayotumika duniani mpaka leo haina betri. Mtumiaji akipeleka bega mbele, mkanda wa mgongoni unavuta waya unaopita ndani ya ala, sawasawa na waya wa breki ya baiskeli, na ndoano yenye pande mbili inafunguka. Ndoano ya aina hiyo ilipata hataza ya Mmarekani D. W. Dorrance mwaka 1912. Fundi baiskeli wa mtaani akiitwa darasani kueleza jinsi anavyokaza waya wa breki, atafundisha sehemu hii vizuri kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Meza ya pili ni ya mwendo, na chombo chake kikuu ni chaki. Mwanafunzi atembee mita 10 kwa mwendo wake wa kawaida huku wenzake wakitia alama kila kisigino kinapogusa sakafu. Watapata urefu wa hatua. Tuseme ni sentimita 60, na nyumbani kwake ni kilomita moja na nusu. Kwenda shule ni hatua 2,500, na kurudi 2,500 nyingine, kwa hiyo kila mguu unatua chini mara 2,500 kwa safari ya shule peke yake. Katika mwendo wa kawaida kila mguu hukaa chini takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, na asilimia 40 huwa hewani. Mguu mmoja ukiwa hewani, mwingine unabeba mwili mzima, na ardhi huusukuma kwa kani inayozidi uzito wa mwili kidogo. Namba mbili, idadi ya hatua na uzito wa mwanafunzi huyo, ziandikwe kwenye kadi ya kundi. Bila kadi hiyo meza ya tatu haianzi.

Meza ya tatu ndiyo moyo wa somo, na ningependa ipewe muda mara mbili ya nyingine. Watu wengi hudhani ugumu wa mguu bandia uko kwenye unyayo au kwenye goti la chuma. Hapana. Uko kwenye soketi, yaani kikombe kinachopokea kigutu. Wayo wa binadamu umeumbwa ukanyagwe: kisigino kina mafuta mazito na ngozi ngumu. Ngozi ya ugoko haikuumbwa kwa kazi hiyo, na ncha ya mfupa uliokatwa haivumilii kabisa. Tunataka ngozi hiyo ibebe mtu mara 2,500 kwa siku, naye asipate kidonda.

Wanafunzi waanze kwa kugusa. Kila mmoja akae, aweke kidole gumba chini kidogo ya pia ya goti, kwenye kano nene inayoshuka kuelekea ugokoni, kisha abonyeze kwa nguvu. Haiumi sana. Ahamishe kidole kwenye ukingo wa ugoko, halafu kwenye kifundo kidogo cha mfupa kilichoko upande wa nje chini ya goti, ambako mshipa wa fahamu unapita karibu na ngozi. Hapo atajizuia mwenyewe kubonyeza. Tayari ameitambua ramani ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley waliitumia miaka ya 1950 kubuni soketi inayobeba sehemu ya uzito kwenye kano ile ya chini ya goti. Zile sehemu zinazouma huachiwa nafasi. Wanafunzi wachore miguu yao kwenye manila na kuipaka rangi: kijani panapovumilia, nyekundu pasipovumilia.

Kisha hesabu. Mtu wa kilo 60 anakanyaga kwa takriban nyutoni 600. Uzito huo ukitawanywa kwenye sentimita 100 za mraba, kila sentimita ya mraba inapata nyutoni 6. Soketi ikilegea na mtu akazama ndani yake mpaka akawa amesimama kwenye sentimita 10 za mraba, kila moja inapata nyutoni 60. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mguu unaovaliwa kila siku na mguu unaofichwa chini ya kitanda.

Kwa majaribio nashauri parachichi moja lililoiva. Lina nyama laini nje na kokwa gumu ndani, umbo ambalo mikono yetu karakanani inalifahamu sana. Kundi lilifinyangie kikombe kwa tabaka za karatasi za magazeti na gundi ya unga wa ngano. Kikombe kikikauka, parachichi lirudishwe ndani na libebeshwe vitabu viwili kwa dakika kumi. Kesho yake limenywe. Palipobonyea patakuwa pameanza kuwa kahawia, na hapo ndipo kidonda kingetokea. Kundi lisahihishe kikombe chake: likwangue hapa, lijaze pale. Ndivyo nasi tunavyofanya na nakala ya plasta ya kigutu kabla ya kuivika karatasi nene ya polipropilini iliyolainishwa kwenye tanuri. Hiyo ni plastiki ya jamii ileile inayotengenezewa viti vingi vya plastiki. Huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi na ikipoa inashika umbo, kwa hiyo mwalimu wa kemia naye ana kazi hapa.

Pembeni ya meza hiyo pawe na swali moja gumu. Mguu wa asili kuanzia goti kushuka chini ni takriban asilimia 6 ya uzito wa mwili, kama kilo tatu na nusu kwa mtu wa kilo 60. Mguu bandia wa sehemu hiyo kwa kawaida ni mwepesi kuliko hapo. Kwa nini basi wanaouvaa hulalamika kwamba ni mzito? Wanafunzi wafunge mfuko wa mchanga wa nusu kilo juu ya goti, watembee, kisha waufunge kwenye kifundo cha mguu. Kilo ni zilezile, ila zikikaa mbali na nyonga, kuurusha mguu mbele kunadai kazi zaidi. Kuna sababu nyingine ambayo mfuko hauionyeshi: mguu wa asili umeshikwa na mifupa, kano na misuli, ilhali ule wa bandia unaning'inia kwenye ngozi.

Historia inaweza kupita haraka, kwa kidole kimoja tu. Katika jumba la makumbusho la Cairo kuna kidole gumba cha mguu kilichochongwa kwa mbao, chenye umri wa karibu miaka 3,000, kilichopatikana katika makaburi karibu na Luxor. Mtafiti Jacqueline Finch wa Chuo Kikuu cha Manchester alitengenezesha nakala yake, akawapa watu wasio na kidole hicho watembee nayo, na mwaka 2011 akaandika kwamba ilifanya kazi. Wanafunzi wajiulize wangetambuaje kama kifaa kilivaliwa na mtu hai au kilitengenezwa kwa ajili ya maziko tu. Watatafuta alama za kuchakaa. Karakana ya viungo bandia iliyo karibu ikiombwa kwa heshima inaweza kuazima unyayo uliokwisha kazi, na darasa litausoma vivyo hivyo: umelika kisigino au ncha, ndani au nje?

Jiografia na maarifa ya jamii zina kazi kubwa zaidi. Unyayo uliobuniwa kwa ajili ya viatu vya ngozi na sakafu ngumu hausaidii mtu anayelima pekupeku, anayechuchumaa chooni na kula akiwa ameketi mkekani. Huko Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walibuni unyayo wa mpira unaokunjika pande nyingi, unaoweza kutembelewa bila kiatu hata kwenye shamba lenye maji. Walianza na maisha ya mvaaji. Kundi lichague mtu mmoja wa kufikirika, mvuvi wa Pangani au mkulima wa Lushoto, liandike siku yake tangu alfajiri, kisha liamue unyayo wake ufanye nini. Liandike kwa Kiswahili safi, maana maelezo ya kutunza mguu yasiyoeleweka huzaa vidonda.

Hisabati inarudi hapa pia. Mtoto anakua, na mguu bandia haukui naye. Tuseme anahitaji kubadilishiwa kila mwaka tangu umri wa miaka minane mpaka kumi na minane. Wanafunzi wahesabu ni miguu mingapi, wapige hesabu ya nauli ya mtoto na mzazi kutoka kijijini kwao mpaka karakana iliyo karibu, waongeze siku za kazi zinazopotea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba ni mtu mmoja tu kati ya kumi wanaohitaji vifaa saidizi anayevipata. Baada ya hesabu hiyo ya nauli, namba hiyo haitakuwa ngeni kwao.

Kuna jambo ambalo sitaki lifanyike. Mtoto mwenye ulemavu aliye darasani asigeuzwe zana ya kufundishia. Asiombwe kuvua mguu wake, wala kueleza ajali yake, ila akitaka mwenyewe. Vilevile kuwafunga wanafunzi goti kwa kanga na rula ili "waonje ulemavu" kunaleta huruma ya uongo. Atakayejikwaa kwa dakika tano atadhani mwenye mguu bandia hujikwaa maisha yake yote, kumbe yule ana ujuzi wa miaka. Goti lifungwe kwa ajili ya kupima tu: hatua imepungua sentimita ngapi, nyonga imepanda kiasi gani.

Kama kuna mtu mzima anayetumia mguu bandia na yuko radhi kuja, aalikwe meza ya mwisho akiwa mkaguzi, na alipwe nauli na muda wake. Yeye ndiye azikague kazi za makundi na kuuliza maswali. Swali moja zuri ni hili: nikipanda ngazi za daladala nitangulize mguu upi, na nikishuka nitangulize upi? Karakanani tunafundisha kupanda kwa mguu mzima na kushuka kwa ule wa bandia. Wanafunzi wakidaiwa sababu, watalazimika kurudi kwenye meza ya kwanza: anayepanda ananyoosha goti huku likibeba mwili mzima, na kazi hiyo ni ya misuli ya paja inayovuta kano ile waliyoibonyeza kwa kidole kwenye meza ya tatu. Anayeshuka pia huwa na goti linalobeba mwili huku likikunjika taratibu, nalo ni la mguu uliobaki juu.