Je, Wajua? Walimfukuza Mfalme, Wakabaki na Ramani Zake

Kabla ya uhuru wa Marekani, tajiri wa Boston au Virginia alijenga kwa mtindo wa George, uitwao hivyo kwa sababu ya wafalme wanne wa Uingereza waliopokezana jina hilo kuanzia 1714. Ni nyumba zisizopenda mzaha: mlango katikati, madirisha mawili kila upande, matano juu yake, nakshi nene. Kule Virginia, matofali yake mengi yalifinyangwa na kuchomwa na watumwa. Dirisha moja lilikuwa na vioo vidogo vingi, maana kioo kilipulizwa kwa mdomo na kipande kikubwa kilikuwa ghali.

Vita vya uhuru vikaisha, George III akaondokewa na makoloni. Kuanzia miaka ya 1780 hadi 1820 hivi ukashika mtindo wa Shirikisho, jina la kizalendo kabisa. Nguzo zikawa nyembamba, vioo vikapanuka, vyumba vya duaradufu vikaingia, na juu ya mlango kikawekwa kioo kilichotanda kama upepeo.

Uzalendo wenyewe ulikuwa wa jina. Nakshi hizo zilienezwa na Robert Adam, Mskoti aliyepima magofu ya kasri la Kaisari Diocletian huko Split, kisha akafungua kazi London. Mwaka 1761 aliteuliwa kuwa mmoja wa wasanifu majengo wa George III, yuleyule!

Aliyeupa mtindo huu mkono wa Kimarekani, kwa maoni yangu, ni Samuel McIntire wa Salem, Massachusetts (1757–1811), mchonga mbao aliyejifunza usanifu kwa vitabu na patasi. Nyumba aliyomjengea mfanyabiashara John Gardner mwaka 1804 bado imesimama: ghorofa tatu za matofali, madirisha ya juu kabisa yakiwa mafupi kuliko ya chini, na ndani vikapu vya matunda na miganda ya ngano iliyochongwa kwa ustadi ambao Adam mwenyewe asingeuonea haya.

Fedha za Salem zilitoka baharini, hasa kwenye pilipili manga ya Sumatra. Baadaye meli zake zilifika Zanzibar kununua pembe na sandarusi, na konseli wa kwanza wa Marekani kisiwani humo, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Wakati huo kwao walikuwa wameshahamia nguzo nene za Kigiriki.