Wakala Anayelipwa Kabla ya Msanii

Jijini Los Angeles, wakala halali wa waigizaji hali mpaka msanii wake ale. Desturi ni asilimia 10: mwigizaji akilipwa dola 1,000, wakala hupata 100, asipolipwa, wakala naye hapati kitu. Sheria ya kazi ya California inamtaka wakala huyo awe na leseni ya Kamishna wa Kazi na aweke dhamana ya dola 50,000. Tena inamkataza kutoza ada ya usajili.

Sasa mtazame yule anayechukua, tuseme, dola 2,000 siku ya kwanza. Faida yake ameshaiweka mfukoni. Kuanzia hapo, kila simu atakayopiga kukutafutia kazi ni gharama tu kwake, wala hana sababu ya kuipiga.

Wengi husema wanaolizwa ni wajinga. Sikubaliani nao, kwa sababu hakuna anayeambiwa waziwazi anunue kazi. Mzazi husimamishwa kwenye jengo la maduka, akaambiwa mwanawe ana sura ya televisheni. Wanaitwa kwenye usaili; mtoto anasoma sentensi mbili za tangazo la biskuti mbele ya kamera. Kesho yake simu inaita: amepita, wenzake wengi wamekataliwa. Hapo ndipo zinapotajwa picha, ambazo lazima zipigwe na mpigapicha wa ofisi hiyohiyo, halafu darasa la uigizaji, halafu nafasi kwenye tovuti yao. Uamuzi unatakiwa leo, kabla ofisi haijafungwa. Mzazi analipa akijua mwanawe ameteuliwa, kumbe kila aliyefika pale aliteuliwa.

Ukienda polisi, kesi ni ngumu. Picha zilipigwa kweli, darasa lilifundishwa kweli, na mkataba unasema kwa herufi ndogo kwamba ofisi haikuahidi kazi. Ahadi ilitolewa kwa mdomo, na ya mdomoni hayana risiti.

Ndiyo maana naipenda sheria iliyopelekwa bungeni California na mbunge Paul Krekorian, ikapitishwa 2009 na kuanza kutumika 2010. Haihangaiki sana na nani aliahidi nini. Inatazama fedha zimetozwa kwa ajili ya nini na lini. Anayeuza mafunzo au ushauri kwa wasanii anaruhusiwa, mradi aweke dhamana ya dola 50,000 na atoe mkataba wa maandishi ambao mteja anaweza kuuvunja ndani ya siku 10 za kazi, akarudishiwa fedha zote. Lakini kutoza ada ya awali ili umwakilishe msanii, au kumlipisha kwa kufanyiwa usaili, ni jinai: hadi mwaka mmoja jela, faini ya hadi dola 10,000, au vyote viwili. Wakala mwenye leseni, kwa upande wake, haruhusiwi kukupeleka kwa mpigapicha au mwalimu ambaye wakala huyo ana maslahi ya kifedha katika biashara yake.

Makali ya sheria hiyo yalionekana Februari 2017, mwanasheria wa jiji la Los Angeles, Mike Feuer, alipowashtaki watu 25 waliohusishwa na warsha tano. Waigizaji walilipa kuingia, wakiambiwa ni mafunzo. Madai ya mashtaka yalikuwa kwamba walichokinunua hasa ni nafasi ya kuonwa na watu wanaochagua waigizaji. Waliolipa hawakuwa washamba. Ni watu wa fani hiyohiyo, wenye kiu ya kazi.

Gharama halali zipo, nisije nikamtisha mtu bure. Mwigizaji hujilipia picha zake za usaili, ila kwa mpigapicha aliyemchagua mwenyewe. Meneja naye si wakala: hahitaji leseni ile, na kwa kawaida hachukui chake mpaka msanii alipwe.

Kwa aliyeko Mombasa au Dar es Salaam akaletewa ujumbe wa WhatsApp na “wakala wa Hollywood” anayetaka ada ya fomu, orodha ya wenye leseni iko wazi, bure, kwenye tovuti ya Kamishna wa Kazi wa California. Kulikuta jina humo hakutoshi, maana matapeli huazima majina ya kampuni za kweli. Itafute namba ya kampuni hiyo mwenyewe, uipigie, uulize kama aliyekuandikia wanamfahamu.