Albamu Bora za Muongo wa 2010–2019 katika Masikio ya Wasikilizaji: Upokezi wa Muziki Kashojwa, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maoni ya wasikilizaji kuhusu albamu bora za muongo wa 2010–2019 yanavyoweza kueleweka katika mazingira ya Kashojwa, kijiji kilichomo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na katika jiji jirani la Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba msikilizaji wa mazingira haya ana uhakiki uliokomaa, lakini uhakiki huo hauonekani pale anapoulizwa kwa kutumia dhana ya albamu kama inavyotumiwa na wahakiki wa mijini. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanachunguza uhusiano wa chombo cha kuhifadhia muziki na hukumu ya msikilizaji, yanabainisha vigezo vinne vya ubora, na yanapendekeza njia ya kuuliza inayomtendea haki msikilizaji aliyehama.

Maneno muhimu: albamu, upokezi, rumba, bongo fleva, wakimbizi, Nakivale

1.0 Utangulizi

Kila muongo unapofikia tamati, magazeti, redio na wahakiki wa muziki huchapisha orodha za albamu zilizotia fora. Orodha hizo hujengwa juu ya mambo matatu ambayo kwa kawaida hayasemwi: kwamba msikilizaji aliipata albamu nzima, kwamba aliisikiliza kwa mpangilio alioukusudia msanii, na kwamba anajua ilitoka mwaka gani. Pale mambo hayo matatu yasipokuwapo, msikilizaji huonekana kana kwamba hana maoni.

Kashojwa ni mahali panapofaa kulipima jambo hili. Makazi ya Nakivale, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Yanasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Wakazi wake wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea, nao huishi jirani na Wanyankole ambao ni wenyeji wa eneo hilo. Kiswahili, hasa kile cha Kivu, ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha watu hawa sokoni, kanisani na kwenye foleni za mgao. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ndiko wengi wao huenda kwa biashara, matibabu na masomo.

Katika mazingira hayo, swali la albamu bora si la burudani tu. Linahusu nani anahesabiwa kuwa msikilizaji mwenye hukumu katika Afrika Mashariki, na nani anahesabiwa kuwa mpokeaji wa makombo ya muziki wa wengine.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kukamilika bila kumzingatia mpokeaji. Kwake, kila mpokeaji huijia kazi ya sanaa akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya mambo aliyokwisha kuyasoma, kuyasikia na kuyaishi. Ubora wa kazi hupimwa kwa namna inavyoutimiza, inavyouvunja au inavyoupanua upeo huo.

Nadharia hii iliundwa kwa ajili ya maandishi, lakini inafaa kwa muziki kwa sharti moja. Msomaji wa kitabu kwa kawaida huwa na kitabu kizima mkononi. Msikilizaji wa muziki huweza kupokea kipande tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza msikilizaji alitarajia nini, ni lazima kwanza kuuliza alipokea nini na kwa chombo gani.

3.0 Chombo na Maana ya Albamu

Neno albamu lilitokana na majalada yaliyofanana na vitabu, ambamo santuri kadhaa zilihifadhiwa pamoja. Santuri ndefu ilipoingia sokoni mwaka 1948, iliwezesha takriban dakika 20 za muziki kwa kila upande, na albamu ikawa kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, iliendeleza utaratibu huo. Mwenye kanda hakuweza kuruka wimbo kwa urahisi. Alilazimika kuvumilia wimbo asioupenda ili aufikie anaoupenda, na mara nyingi uvumilivu huo ulimfundisha kuupenda ule wa kwanza. Sidii ilileta kitufe cha kuruka, lakini bado kasha lake lilibeba jina la albamu, picha na orodha ya nyimbo.

Kadi ya simu ilibadilisha mambo haya yote. Kadi ya gigabaiti 4 huweza kubeba takriban nyimbo 1,000 ikiwa kila wimbo una megabaiti 4. Katika vibanda vya kuchajia simu na kupakia nyimbo, vinavyopatikana katika makazi na miji mingi ya Afrika Mashariki, mwenye kompyuta humnakilia mteja nyimbo kwa mafungu: za dini, za Kongo, za Bongo, za Kiganda. Simu ndogo huzicheza kwa kufuata alfabeti au namba za faili. Wimbo uliokusudiwa kufungua albamu huweza kujikuta katikati, na ule wa kuaga ukawa wa kwanza. Jina la albamu hupotea na mwaka hupotea, lakini sauti hubaki.

Kwa mtu aliyekimbia vita, badiliko hili lina uzito wa pekee. Kabati la sidii halibebeki njiani. Kadi hubebeka katika mfuko wa shati. Kwa hiyo kile ambacho mhakiki wa mjini hukiona kuwa ni kuvunjika kwa albamu, kwa mkimbizi ndicho kilichoufanya muziki uvuke mpaka.

4.0 Vigezo vya Ubora

4.1 Ukamilifu wa wimbo

Katika rumba ya Kongo, wimbo huwa na sehemu ya kuimbwa kwa utulivu na sehemu ya sebene, ambapo magitaa huchukua hatamu na wachezaji huingia uwanjani. Nyimbo nyingi za namna hii huzidi dakika 6. Redio na video fupi huzikata kabla sebene haijakolea. Msikilizaji aliyelelewa katika muziki huu huitambua albamu nzuri kuwa ni ile isiyomkatisha.

Kigezo hiki husaidia kueleza tofauti ya mapokezi ya kazi za Fally Ipupa katika muongo huu. Power “Kosa Leka” ya mwaka 2013 ilisimama juu ya rumba na sebene. Tokooos ya mwaka 2017 ilielekea zaidi kwenye midundo ya mijini ya Ufaransa na Marekani, ikiwa na nyimbo fupi na wasanii waalikwa kama Booba na R. Kelly. Mwaka uliofuata alitoa Control, iliyorudi kwa kiasi kikubwa kwenye rumba. Kwa soko la Paris, Tokooos ilipanua upeo wa matarajio. Kwa msikilizaji wa Kivu aliyezoea sebene, Control ndiyo iliyomrudishia kilichokuwa chake. Wote wawili wana haki, kwa kuwa kila mmoja anapima kwa upeo wake. Ndivyo ilivyo pia kwa Boîte Noire ya Ferre Gola, ya mwaka 2013, ambayo sifa yake kwa wapenzi wa rumba hutegemea uimbaji na urefu wa nyimbo kuliko wimbo mmoja uliotamba.

4.2 Kudumu

Muongo wa 2010–2019 ulikuwa muongo wa wimbo mmoja mmoja katika bongo fleva. Msanii alitoa wimbo na video yake, kisha akatoa mwingine. Albamu ya Diamond Platnumz, A Boy from Tandale, iliyotoka mwaka 2018, ilikusanya nyimbo mpya pamoja na nyingine zilizokwisha kutamba, zikiwamo Nana ya mwaka 2015 na Marry You ya mwaka 2017. Kwa hiyo wasikilizaji wengi waliijua sehemu ya albamu hiyo kabla haijapewa jina. Hali hiyo ilikuwapo pia kwa Live and Die in Afrika ya Sauti Sol, iliyotoka mwaka 2015 ikiwa na Sura Yako na Nerea, nyimbo ambazo tayari zilikuwa midomoni mwa watu.

Katika hali hii, kigezo cha msikilizaji si mshangao wa siku ya uzinduzi. Ni kudumu. Kadi inapojaa, sharti kitu kifutwe ili kingine kiingie. Kila kufuta ni hukumu, na kila wimbo uliobaki baada ya miaka mitano ya kufuta umeshinda mashindano ambayo hakuna gazeti lililoyaandika. Huu ndio uhakiki wa kimyakimya ambao orodha za mwisho wa muongo huukosa.

4.3 Lugha na kwao

Wasikilizaji wa Nakivale husikia muziki katika lugha nyingi: Kiswahili, Kilingala, Kinyarwanda, Kirundi, Kinyankole, Kiganda na Kisomali. Kuelewa maneno yote si sharti la kupenda. Mkongo wa Kivu huweza kuupenda wimbo wa Kilingala ambao anauelewa nusu, kwa sababu unamrudisha kwenye sherehe za nyumbani. Kinyume chake, neno moja la Kiswahili lililo wazi huweza kubeba zaidi ya alivyokusudia mtunzi. Neno “kwetu”, ambalo katika nyimbo za kwaya huashiria mbinguni, huongezewa maana ya pili na mtu ambaye kwao hapafikiki. Msikilizaji hachagui maana moja na kuitupa nyingine, bali huzishika zote mbili.

Umbali wa kijiografia nao huingia katika hukumu. Innoss'B, kijana wa Goma, alipotamba mwaka 2019 kwa Yope, kisha akamshirikisha Diamond Platnumz katika toleo jingine la wimbo huo, mashariki ya Kongo na Tanzania zilikutana katika wimbo mmoja. Haikuwa albamu. Hata hivyo, kwa vijana wa Kivu walioko ugenini, tukio hilo lilikuwa na uzito ambao albamu nyingi hazikuufikia: mji wao ulisikika kwa jambo lisilokuwa vita.

4.4 Kufaa mbele za watu

Katika nyumba zilizokaribiana, muziki wa mmoja husikika kwa wengi. Mama mkwe husikia, watoto husikia, na jirani wa dini nyingine husikia. Kwa hiyo kazi bora ni ile inayoweza kupigwa kwa sauti bila mtu kuona haya. Kigezo hiki huzipa kwaya na waimbaji wa injili nafasi kubwa kuliko wanayopewa katika orodha za wahakiki. Hakipaswi kudharauliwa kuwa ni cha kimaadili tu na si cha kisanaa. Kuimba jambo zito kwa namna inayomfaa mtoto na mzee kwa pamoja ni ustadi, kama wajuavyo watunzi wa methali na tenzi.

5.0 Namna ya Kuuliza

Kutokana na vigezo hivi, swali “Albamu ipi ya muongo uliopita ni bora kuliko zote?” halifai kuwa la kwanza Kashojwa. Humtaka msikilizaji ataje jina la kasha ambalo hakulishika. Akinyamaza, mtafiti ataandika kwamba hana maoni, na kosa litakuwa la mtafiti. Maswali yafuatayo yanafaa zaidi: Nyimbo zipi hazijafutwa tangu upate kadi hii? Ni za msanii gani ambazo ungependa zisikilizwe zote, bila kurukwa? Ukimpa kadi mgeni aliyefika leo kutoka Kongo, utataka asikie nini kwanza, na nini baadaye?

Swali la mwisho lina faida ya ziada. Humfanya msikilizaji apange nyimbo, yaani atunge albamu yake mwenyewe. Mpangilio huo unaweza kulinganishwa na albamu za wasanii, na tofauti zitakazoonekana ndizo maoni yenyewe.

Njia hii ina nafasi pia darasani. Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwalimu wa Mbarara mwenye wanafunzi Wanyankole na Wakongo katika darasa moja anaweza kuwataka wapange nyimbo kumi na kuitetea kila nafasi kwa Kiswahili. Watajifunza istilahi za uhakiki kwa kuzitumia, na mwanafunzi mkimbizi, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma kwa sababu Kiswahili chake hakifanani na cha kitabuni, atakuwa na jambo la kuwafundisha wenzake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba albamu ni zao la chombo kinachoibeba, na kwamba chombo kinapobadilika, hukumu ya msikilizaji huhamia mahali pengine bila kutoweka. Kashojwa imehamia katika ukamilifu wa wimbo, kudumu kwake, uhusiano wake na lugha na kwao, na kufaa kwake mbele za watu. Orodha ya albamu bora za 2010–2019 itakayozingatia vigezo hivi huenda ikataja baadhi ya majina yaleyale ya orodha za mijini, lakini itayataja kwa sababu nyingine. Inapendekezwa kwamba tafiti za upokezi wa muziki wa Afrika Mashariki zianze na kile ambacho msikilizaji amekataa kukifuta, ndipo zifike kwenye majina na miaka.