Kafubu, mto wetu wa Siku ya Yenga

Kisha juma nzima ya vumbi na kelele ya mashini, mtu anatafuta fasi ya kupumzisha masikio. Sisi wa Lubumbashi na Kipushi hatuna bahari, lakini tuko na Kafubu. Siku ya Yenga, kisha misa, vijana wanapita na kinga, ndobo zimefungwa nyuma. Wamama wanabeba bukari ndani ya kitambaa. Watoto wanakimbia mbele. Wote wanashuka ku mto.

Kafubu si mto mkubwa kama Lualaba. Inaanzia upande wa Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia. Kule mpaka unafuata mgongo wa nchi. Mvula inayoanguka ngambo ya pili inashuka ku Kafue, inaingia Zambezi, inaenda mpaka bahari ya Hindi. Mvula inayoanguka upande wetu inashuka ku Kafubu. Kafubu inapokea mto Lubumbashi, inapita ku misioni ya Wasalesiani yenye jina lake, inaingia ndani ya Luapula. Kutoka pale maji yanapita ziwa Moero na mto Luvua, yanakutana na Lualaba ku Ankoro, na mwisho wa safari ni Banana, ku Atlantiki. Wingu ni moja, bahari ni mbili!

Ukae kimya kidogo ku ukingo, utaona mengi. Kuko ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa ndani ya maji kama jiwe: huyu ni mvuvi kutupita sisi wote. Kuko mwingine wa rangi ya udongo, kichwa chake sawa nyundo. Anajenga ku mti nyumba kubwa ya vijiti, yenye nguvu ya kubeba mtu mzima juu yake.

Chini ya maji pia kuko familia. Kuko tilapia ambaye mama anaficha mayai na watoto ndani ya kinywa chake. Ukimkamata yeye, umekamata kizazi kizima. Mulonge, samaki wa ndevu asiye na magamba, anaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo sababu anaishi hata ndani ya matope. Mvula za kwanza zikija, milonge wanapanda ndani ya majani yaliyofunikwa na maji, wanaenda kuzaa.

Hapa njo tuko na neno la kusema. Wakati ule ule samaki wanazaa, watu wanafunga njia na chandarua cha kulalia. Wengine wanaponda buba na kumwaga ndani ya maji. Buba haichagui: inaua mkubwa, inaua na mtoto wa urefu wa kidole. Mtu anajaza kitunga siku moja, mwaka unaofuata anarudi na ndobo na anatoka mikono mitupu. Halafu anasema mto umelogwa.

Jambo la pili linatuhusu sisi watu wa madini zaidi. Wataalamu waliopima matope ya mito ya Katanga walikuta ndani shaba, kobalti, zinki na risasi. Yule anayeosha mawe juu ya mto hamuoni mama anayechota maji chini yake, anayemwangilia lengalenga ya kuuza ku soko. Lakini jioni lengalenga ile inaweza kufika mu sahani yake mwenyewe.

Na wazazi, muangalie watoto. Ku maji yaliyosimama, yenye majani na konokono, bilharzia inaingia kwa ngozi bila kuuma. Mtoto akikojoa damu, musingoje, musimwambie ni kukomaa: mumpeleke ku dispanseri, dawa iko. Na mbele ya kuogelea fasi musiyoijua, muulize wenyeji juu ya ngwena.

Hatusemi watu waache kuvua. Baba zetu walivua, na watoto wetu watavua. Tunasema tu: ndobo na wavu wa macho makubwa, ndiyo, buba na chandarua, hapana. Mvula za kwanza, tuache mama samaki apite. Mwisho wa juma tutarudi ku Kafubu, na tunataka kukuta mwenye nyumba yuko.