Mwenye bastola ajihadhari na ala anayonunua

RAIA anayeruhusiwa kumiliki bastola nchini Kenya hupitia mengi kabla ya kukabidhiwa silaha hiyo. Hukaguliwa mwenendo wake, hueleza sababu za kuihitaji na hulipa fedha si haba. Ajabu ni kwamba baada ya hayo yote, wapo wanaochagua kwa dakika chache tu ala ya bastola, yaani mfuko maalumu wa kuitilia silaha hiyo na kuificha mwilini.

Mara nyingi mnunuzi huuliza jambo moja pekee: je, bastola itachomoka upesi jambazi akitokea? Swali hilo lina maana, lakini si la kwanza. La kwanza ni iwapo ala itaizuia bastola isifyatuke, isianguke na isinyakuliwe katika zile siku na miezi ambayo hakuna jambazi yeyote anayetokea.

Yaliyompata mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, yanadhihirisha jambo hili. Mnamo Novemba 2008, Burress aliingia katika klabu ya burudani jijini New York akiwa amechomeka bastola aina ya Glock kiunoni bila ala. Silaha ilipoanza kuteleza mguuni, aliikamata kwa haraka, ikafyatuka na kumjeruhi paja. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kuwa na silaha hiyo bila kibali.

Kosa la Burress la kukosa kibali lilikuwa la kisheria, lakini jeraha lake lilitokana na kukosa ala. Bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, hazina kizuizi cha pembeni cha kufunguliwa kwa kidole gumba. Kifyatuo, yaani kile kipande kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke, kikivutwa na chochote kile, risasi hutoka.

Kwa hivyo, sifa ya kwanza ya ala bora ni kufunika kifyatuo chote kwa kitu kigumu kisichobonyea. Ala za kitambaa laini zinazodaiwa kutoshea bastola za kila aina hazifai, kwani kidole au ufunguo unaweza kukibonyeza kifyatuo kupitia kitambaa hicho. Ala hununuliwa kwa kufuata aina na ukubwa wa bastola yenyewe, jinsi kiatu kinavyonunuliwa kwa kufuata mguu.

Sifa ya pili ni kushika. Bastola isiyo na risasi ikitiwa ndani na ala kupinduliwa na kutikiswa, isianguke. Anayepigwa kabali na wahalifu au anayesukumwa katika msongamano wa kituo cha matatu hana nafasi ya kuishikilia silaha yake. Mhalifu akiiona kiunoni, huenda akaitamani kuliko simu au pochi.

Sifa ya tatu ni mdomo wa ala kubaki wazi baada ya bastola kuchomolewa. Ala inayojikunja humlazimisha mwenyewe kuipanua kwa mkono wa pili anapoirudisha silaha, na hapo mtutu huweza kuelekea kwenye vidole vyake mwenyewe.

Kuhusu vifaa, ngozi na plastiki ngumu ndizo hutumika zaidi. Ngozi ni tulivu mwilini na haipigi kelele, lakini hulainika kwa jasho na miaka. Ngozi iliyochakaa huweza kukunjika ndani na kukisukuma kifyatuo bastola inaporudishwa, hivyo ala ya namna hiyo haifai tena kutumiwa. Plastiki ngumu, kama ile iitwayo Kydex, haibadiliki umbo wala kunyonya jasho, jambo la maana kwa mkazi wa Mombasa au Malindi. Hata hivyo, huweza kumkwaruza mvaaji.

Suala la mahali pa kuvaa ndilo huibua mjadala mkubwa. Ala ya pembeni mwa nyonga, upande wa mkono wenye nguvu, hufikiwa kwa urahisi na mtu aliyesimama. Ikivaliwa nje ya suruali huhitaji koti la kuifunika. Ikivaliwa ndani, shati lililoachwa nje hutosha.

Tatizo ni kwamba Wakenya wengi wenye magari huhofia kuvamiwa wakiwa wameketi, hasa usiku wanaposubiri lango la nyumbani lifunguliwe. Dereva aliyefunga mshipi wa usalama huiona nyonga yake imebanwa kati ya kiti na mlango. Ala ya mbele ya tumbo hufikiwa upesi zaidi hapo, lakini mtutu wake huelekea kwenye paja na kinena, hivyo haimsamehe asiye makini.

Ala ya kwapani humfaa anayevaa suti kutwa, ila bastola huchomolewa ikikatisha mbele ya mwili, na mtutu huweza kumpitia mtu asiye na hatia. Ile ya kifundo cha mguu humlazimu mtu kuinama katikati ya hatari. Ile ya uti wa mgongo ni vigumu kuifikia, na mvaaji akianguka chali huweza kuumia mgongo.

Mkoba wa mkononi ndio wenye hatari zaidi kwani huwekwa chini, husahauliwa na huporwa. Mnamo Desemba 2014, mama mmoja katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho nchini Marekani, aliuawa dukani baada ya mwanawe wa miaka miwili kuipata bastola iliyokuwa ndani ya mkoba wake. Mkoba huo ulikuwa na mfuko uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya silaha.

Je, wepesi basi hauna maana? Unayo, lakini una mipaka yake. Mnamo 1983, sajini wa polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, alichapisha makala kuhusu majaribio aliyoyafanya. Alieleza kwamba mtu mwenye kisu huweza kukimbia futi 21, yaani takriban mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu, muda ule ule anaouhitaji mtu mwenye ujuzi kuchomoa bastola na kufyatua.

Anayeificha bastola chini ya nguo huhitaji muda zaidi, kwani sharti kwanza aiinue nguo. Maana yake ni kwamba mshambuliaji akiwa karibu, hakuna ala itakayomwokoa mtu peke yake. Kujitenga naye, kuweka kizuizi kati yao au kukimbia huweza kuwa hatua ya kwanza.

Wepesi wa kweli hutokana na mkono kuupata mpini mzima mara ya kwanza, ala kutosogea kwa kuwa imefungwa kwenye mshipi imara, na mazoezi ya mara kwa mara. Mazoezi ya nyumbani hufanywa kwa bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa katika chumba kingine na mtutu ukielekea mahali salama. Kuirudisha bastola hakuna haraka: mvaaji hutazama ndani ya ala, huondoa ncha ya shati au kamba ya jaketi, na kidole chake hukaa mbali na kifyatuo.

Sheria nayo haisahau. Mnamo Desemba 2018, serikali iliagiza wamiliki wote wa silaha wenye leseni wakaguliwe upya, hatua iliyokumbusha kwamba leseni iliyotolewa inaweza kuondolewa. Aidha, Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaelekeza kuwa utumiaji wa nguvu katika kujitetea huamuliwa kwa misingi ya sheria za mapokeo za Uingereza, ambazo hutaka nguvu hizo ziwe za lazima na zilingane na hatari iliyokuwepo.

Kwa mnunuzi, ushauri ni kuijaribu ala akiwa amesimama, ameketi, ameinama na akiwa ndani ya gari, huku bastola ikiwa tupu. Ikilegea, ikijikunja au ikiacha kifyatuo wazi, airudishe dukani hata kama huchomoka upesi kuliko zote. Na afikapo nyumbani na kuivua, bastola ifungiwe kabatini, kwani ala haikuundwa kuwazuia watoto.