Thamostati ya Kulea Vifaranga

Wenzetu wa vikundi vya kuku hapa Maseno, vifaranga wakipigwa baridi usiku mmoja tu, pesa ya kikundi imekwenda. Mkitumia hita ya stima, nunueni thamostati ya kuchomeka. Hiyo hukaa kati ya soketi na hita. Joto likitosha inazima, likipungua inawasha. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, nguvu. Hita ya wati 2,000 kwa stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 8 na kitu. Thamostati ya ampea 5 itaungua, pengine na banda pia. Chukueni ya ampea 13.

Pili, hita. Iwe na swichi ya kuzungusha. Ile ya vibonye ikikatiwa stima, mara nyingi haiwaki tena mpaka mtu aibonyeze.

Tatu, kipima joto. Kiwe na waya mrefu, kikae usawa wa migongo ya vifaranga, mbali kidogo na hita. Wiki ya kwanza wekeni nyuzi 32 hadi 35, halafu punguzeni 3 kila wiki.

Hata hivyo, watazameni vifaranga wenyewe. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakihema midomo wazi, joto limezidi.